Usifunge Kibamba cha Bomba

Toader,

Ugali uko sufuriani. Jana ulifunga kibamba, kile kibati kinachoziba bomba la moshi, makaa yakiwa bado mekundu, eti joto lisitoroke, ukanicheka: "Mwoga wewe! Nyumba ya babu haiui mtu." Leo ulipokwenda kwa kondoo nimemkuta paka amekufa chini ya kitanda cha Rafila. Mtoto nimemwita mara nne ndipo akafumbua macho, akatapika. Nampeleka kwa daktari, jirani anangoja na farasi.

~~Tutarudi jioni.~~ Haturudi mpaka uking'oe kibamba hicho.

Mama yako kakataa kutoka, anasema kichwa kinamuuma kwa baridi tu. Ninapoandika hivi namsikia anafunga dirisha nililofungua ili hewa ya sumu ya makaa itoke, anachochea jiko. Mwite kabla hujavua viatu.

Mama Rafila