Wafula na Bia ya Pipa

Mama mpendwa,

Natumaini kifua kimepoa. Huku Sydney ni baridi kweli. Jana kaka Wafula alitoka kazini hospitalini akanipeleka kuonja bia inayoendelea kuchacha ndani ya pipa mpaka siku ya kunywewa. Tulipewa glasi ndogo tano na karatasi ya kutoa alama. Ya tatu ilikuwa chachu, inanukia uji. Watu walikunja nyuso wakaipa mbili, tatu. Wafula akaipa kumi. Mwenye baa, mzungu mzee, akamuuliza kwa nini.

Unajua huku amekuwa akiwaambia watu kwamba wewe ni mkulima tu. Lakini jana alisema kwa sauti, “Mama yangu alikuwa akipika busaa, pombe yetu ya unga. Ndiyo ilinisomesha nikawa nesi.” Mzee akavuta kiti, akaomba aelezwe inavyopikwa. Wafula alimweleza yote, kuanzia kukaanga unga hadi kutia kimea, na hakukosea hata kidogo.

Kwenye treni ya kurudi nyumbani Toongabbie aliniambia, “Nekesa, sijawahi kumwambia Mama asante.”

Akikupigia Jumapili, Mama, usimkatize. Mwache amalize.

Mungu akutunze,
Nekesa wako