Karatasi ya Josefina Haijaandikwa Kitu

Bulambo mwanangu,

Miaka sita. Hata mbuzi aliyepotea kwa mulima anarudi mbele ya hiyo. Ndege ndogo zinatoka Shabunda zinashuka Bukavu, wewe uko na miguu miwili ya kupandia, na bado haujui mulango wangu uko wa rangi gani. Ni wa buluu. Sasa umejua, hauna tena sababu ya kupotea.

Nimekwisha kukugombeza, basi nikuulize: uko muzima? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kwa mashimo ya dhahabu kimepoa? Unakula, ao unakunywa tu? Mimi niko. Magoti yanalia nikipanda kutoka soko ya Nyawera, lakini nafika. Anayeandika ni Maman Nabintu, mushonaji, jirani yangu hapa Nyalukemba. Nimemukataza kupamba maneno yangu. Kwa simu, kila nikitaja mutoto unasema rezo inakatika. Karatasi haikatiki.

Ni juu ya Wabiwa, binti yako.

Unajua anasoma fizike. Alipomaliza lisansi pale chuoni, profeseri wake alimuchukua kwa masomo ya juu, na wasichana mule ni wawili tu. Kazi aliyojichagulia ni radi. Alizunguka vilima vya Walungu na Kabare kwa miguu, matope mpaka kwa magoti, akiuliza wale walioona mutu akipigwa: alisimama wapi, alishika nini, chini palikuwa maji ao majani. Kila aliyekufa ana karatasi yake. Mimi sijui kusoma, lakini kuna moja naitambua hata kwa mbali: juu kuna jina, chini nyeupe yote. Ni ya mama yake, Josefina.

Profeseri alimwambia aiondoe, zingine zinatosha, amalize memwari yake, kile kitabu cha kumalizia masomo. Akakataa. Profeseri akamwambia basi amuulize baba yake. Akakataa pia. Hii ni juma ya tatu haendi chuoni. Anashinda hapa akiosha sufuria zilizo safi. Profeseri ametuma neno: mwezi ukiisha bila memwari, nafasi yake inapewa mwingine.

Juzi tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, nikamuuliza anaogopa nini. Akasema shahidi ni mumoja tu, na huyo shahidi alikwisha kupata jibu lake kwa mufumu, yule muaguzi. Jibu la mufumu lilikuwa mimi. Alikuambia radi iliyomuua muke wako imetumwa na muzee wa nyumba yako mwenyewe, ukakubali. Ulinibebea mufuko mpaka kwa kamyo, lile lori lililonichukua, ukaufunga vizuri na kamba, wala haukuniangalia uso.

Nikamuuliza mutoto bila kuzunguka: “Na kama karatasi zako zikisema ni mimi niliyeituma?”

Aliacha mutwangio. “Koko, bibi yangu, wewe ukituma chumvi kwa jirani haifiki. Utaweza kutuma radi?”

Tulicheka mpaka yeye akalia. Kisha akanieleza. Radi inatafuta njia ya kushuka kwa udongo. Muti murefu ni njia, na mutu aliyesimama chini yake anakuwa njia pia. Wengi wa kwenye karatasi zake walikufa hivyo, wakikimbia mvua.

Tangu siku ile nawaza jambo moja, kwa sababu nakujua, Bulambo. Ulipovunja chungu changu ukiwa mudogo ulisema ni mbuzi, halafu ukamuchukia yule mbuzi mwaka muzima. Siku ya ile radi Josefina alikuwa amekuletea chakula kwa shimo la dhahabu. Nafikiri mvua ilipoanza ulimwambia akimbilie chini ya muti, angoje ipite. Na mufumu alipokupa jina langu, ulilipata jepesi kubeba kuliko neno lako mwenyewe.

Kama ni hivyo, sikia. Nani alikufundisha kujikinga chini ya muti? Ni mimi. Nilikuvuta kwa mukono mpaka kwenye shina, na kofi nikakupiga kwa kuwa ulitaka kucheza na mvua. Mama yangu alinivuta mimi vilevile. Hatukujua. Simuiti mutu muchawi kwa kutojua, hata wewe.

Sitaki uniombe musamaha. Nilikusamehe palepale kwa kamyo, ni hasira tu iliyonizuia kukuambia. Mimi nimezeeka, naweza kufa na hilo jina la uchawi, litaoza pamoja nami. Lakini huyu mutoto anaacha masomo yake yapotee ili asikuumize wewe. Ni muzigo gani huo umemubebesha?

Nisalimie dada yako mukubwa, aliyelia nikiondoka. Nisalimie kateshisti wetu wa kanisa aliyekataa kunishitaki, na yule bibi wa nyumba ya pili aliyenipa ndizi za njiani. Mufumu usimusalimie.

Ni mimi niliyekubeba tumboni na bado nakubeba, mama yako Nyota. Alama ya kidole hapo chini ni yangu.

Panda ndege mbele ya mwezi kuisha. Usiniletee nyama, usinipigie magoti. Ingia, kaa mezani na Wabiwa, mimi nitatoka nje mpaka mumalize. Umuonyeshe mama yake alisimama wapi na alishika nini, lakini uanze na lile neno ulilomwambia Josefina.