Miti ya Mlangoni

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Uji umeungua tena. Akina mama wanawahi pamba, wananiachia watoto wa chekechea kabla sijawasha moto, na mimi akili haipo hapa. Iko Jumamosi.

Uwanja wa michezo niliuomba mwenyewe, pale karibu na ghala la pamba. Niliiambia kamati ya kijiji kwamba utakuwa wa watoto wote, hata wasiotembea. Nani alinituma? Sasa Mzee Magesa, mwenyekiti wetu, amesema Jumamosi kijiji kizima kitakuja kuangalia. Vilema wakionekana wanacheza, uwanja ni wetu. Wasipoonekana, patakuwa pa kuanikia pamba.

Naogopa. Wengine wamefichwa ndani tangu kuzaliwa. Binti yangu Nyangeta simfichi, anatambaa kijiji kizima na katambuga zake za tairi mikononi. Lakini mmoja hawezi kuwa wote.

Jumatano, 6 Agosti

Bembea imesimama. Kamba za ng'ombe, na kiti cha gunia chenye mgongo, ili asiyeweza kukaa asianguke. Mchanga tumeubeba kichwani kutoka mtoni.

Mama Bhoke amepita mara mbili akijifanya anatafuta kuni. Mwanawe shingo haijakaza mpaka leo. Sikumwita. Ningemwita angekimbia.

Nimefurahi. Halafu nikaogopa kufurahi.

Alhamisi, 7 Agosti

Ng'ombe wameingia. Mchanga umevurugwa wote, mavi kila mahali, gunia limetafunwa. Nimelia mbele ya watoto. Aibu tupu.

Wanaume wamekasirika kuliko mimi. Kesho wanajenga ua.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilikwenda Bunda kutafuta gunia lingine. Narudi, ua umekwisha. Wa miiba, mzito, kazi ya watu wanaojua kazi. Na mlangoni wamelaza miti, mmoja juu ya mwingine mpaka kiunoni, kama zizi lolote la hapa Mugeta. Mtu anapanda anavuka, ng'ombe anabaki nje.

Nyangeta atavukaje? Hakuna aliyewaza hilo. Hata mmoja.

Nilimfuata Mzee Magesa nyumbani kwake. Alikuwa ananawa mikono iliyochanwa na miiba, uso umejaa furaha.

"Zizi bila miti mlangoni si zizi, mwalimu. Ng'ombe zinaingiaga tu."

"Na wasiotembea, baba?"

"Watabebwa. Watu si tupo?"

Nikasema asante, nikaondoka. Najichukia kwa hiyo asante.

Jumamosi, 9 Agosti

Watu walijaa. Watoto wenye miguu yao waliparamia miti wakaingia. Mama Bhoke alikuja, mwanawe mgongoni, kafunikwa kanga mpaka kichwani. Akasimama nyuma kabisa.

Nyangeta alitambaa mbele ya wote mpaka kwenye miti. Akakwama. Mzee Magesa akainama ambebe. Mtoto akarudi nyuma.

"Nikitaka kutoka je, babu?"

Mzee akamwambia atamtoa. Nyangeta akauliza, na babu akiwa shambani? Hakuuliza kwa ujeuri, alitaka kujua tu.

Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo nikasema yale niliyoyameza jana: miti ya chini itolewe, ubaki wa juu peke yake. Ng'ombe atazuiwa, mtoto atapita chini ya mti.

Mzee Magesa alinitazama sana. Nikajua uwanja umekwenda. Kisha akaanza kuichomoa mwenyewe, mmoja mmoja, akinung'unika kwamba ndama watapita.

Nyangeta akapita chini, kwa mikono yake. Nyuma yake Mama Bhoke, ameinama mpaka karibu na ardhi, mtoto mgongoni. Alipofika ndani akafungua kanga, akamweka mwanawe kwenye kiti cha gunia. Wengi hawakuwahi kuiona sura ya yule mtoto. Nami sikuwahi.

Habari ya kuanika pamba hakuna aliyeigusa tena.

Jumapili, 10 Agosti

Ndama kaingia, kama mzee alivyosema. Nyangeta amemfukuza kwa makelele.

Baada ya kanisa nilikaa nje ya ua na sufuria ya uji, nikisubiri aniite nimtoe. Jua likapanda. Uji ukapoa. Hakuniita.

Ametoka mwenyewe. Amenawa mikono, akaomba uji.