Herufi za Kumwombea Omari

Jumatatu, 4 Machi 1996
Feri saa kumi na mbili u nusu. Changamwe mapema, kabla ya Bwana Gatimu kufungua ofisi. Fomu za mizigo mpaka adhuhuri. Kiingereza kitupu. Vidole vyenda vyenyewe.

Mchana simu ya Bakari, dereva mwenzake Omari huko Uarabuni. Mahakama itakaa Jumamosi tarehe 16. Babake mtoto aliyegongwa na lori la Omari akisamehe kwa maandishi, ndugu yangu ataachiwa. Asiposamehe, miaka kumi. Mzee huyo amekubali kusoma barua kutoka kwetu. Iwe ya Kiarabu. Iwe ya taipu, ya mkono haitiwi kwenye faili.

Miezi minne Omari yuko ndani. Nimemwambia Mama jioni. Hakulia. Alikuwa akilisugua goti lake bovu, akaacha.

Jumanne, 5 Machi
Maalim Shee, mwalimu wetu wa Kurani, amekuja nyumbani baada ya alasiri. Mama asema kwa Kiswahili, yeye ageuza kwa Kiarabu. Mwambie ndiye mwanangu wa mwisho. Mwambie baba yao kafa, mimi ni mgonjwa, siwezi hata ngazi za feri. Mwambie Omari hanywi, hana ujeuri, watu wa Likoni wote watashuhudia. Kurasa mbili. Maalim ni mzee, lakini Kiarabu chake safi.

Mimi nasoma msahafu tangu utotoni. Maana siijui. Nitanakili tu.

Alhamisi, 7 Machi
Yasini, fundi wa kompyuta, amekuja na disketi tatu. Bwana Gatimu ameruhusu, mradi fomu zake zisiharibike. Saa nzima mashine yanguruma. Kisha Yasini akanionyesha: bonyeza viwili hivi kwa pamoja, Kiingereza kinatoka, Kiarabu kinaingia. Bonyeza tena, kinarudi. Maandishi yaanzia kulia. Nilishtuka, kama gari linalorudi nyuma bila dereva.

Lakini vibonye vina herufi za Kizungu tu. Nimekata plasta vipande vidogo, nimeandika alif, be, te kwa kalamu, nimebandika kimoja kimoja. Yasini alinitajia kila herufi pa kukaa.

Alasiri nilisahau kurudisha Kiingereza. Fomu ya mteja ikajaa Kiarabu kwenye sehemu ya uzito. Bwana Gatimu amepiga meza. Ana haki.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekwama kwenye jina letu. Mwachipa. Kibodi haina che, haina pe. Sisi tukiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tunatia nukta tatu, mambo yamekwisha. Mashine haizijui. Nimempigia Bakari anisomee lilivyoandikwa kwenye faili la mahakama. Mwashiba. Nami nimeandika Mwashiba. Lazima lifanane.

Ndugu yangu atahukumiwa kwa jina la mtu ambaye hajazaliwa.

Jumamosi, 9 Machi
Nusu siku. Barua imekwisha. Kwenye kioo cha kompyuta yapendeza, herufi zimeshikana vizuri. Nimepiga chapa, nimeingiza kwenye faksi ya ofisi kwenda kwa Bakari, imepita. Bwana Gatimu alikuwa mlangoni na funguo. Nilikimbilia feri nikiwa na furaha. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba nimekula nikashiba.

Jumatatu, 11 Machi
Bakari amepiga simu. Haisomeki. Yule mzee ameishika, ameigeuza, amemrudishia. Ameuliza kama tunamchezea.

Nimetoa nakala kwenye jalada. Herufi zimesimama mbalimbali kama watu waliogombana. Na zaanzia kushoto. Kila neno limepinduliwa. Mtoto wa chuo cha Kurani angeona. Sikuisoma. Nilikuwa nayo mkononi na sikuisoma.

Yasini ameitazama, amekuna kichwa. "Printa haijui Kiarabu, dada. Tumeifundisha kibodi peke yake."

Siku mbili zimepotea. Mimi ndiye niliyezipoteza.

Jumanne, 12 Machi
Bwana Gatimu amesema mashine isiguswe tena. Meli mbili zimefunga gati, fomu zimelundikana. Nimemwambia ni ndugu yangu. Nimemwambia mbele ya watu. Amevua miwani, ameifuta kwa muda mrefu.

"Kuanzia saa saba ni yako. Hizo fomu nitaandika mimi kwa mkono."

Ameandika kweli. Yasini na mimi mpaka jioni. Karatasi baada ya karatasi, takataka. Nimemtukana Yasini. Ameingiza karatasi nyingine.

Jumatano, 13 Machi
Yasini amepata njia. Printa ichore ukurasa wote kama picha, mstari kwa mstari. Polepole mno. Herufi zikatoka zimeshikana, kutoka kulia.

Safari hii sikujiamini. Maalim Shee amevuka na mimi asubuhi, na umri wake ule. Ameketi kwenye kiti cha wateja, amesoma kurasa zote mbili kwa kidole. Amenirekebisha herufi nne. Faksi saa tisa. Bakari amethibitisha: mzee anayo, anasoma.

Jumamosi, 16 Machi
Hakuna simu. Mama hajaondoka kwenye msala wake wa kuswalia.

Jumatatu, 18 Machi
Miaka kumi.

Bakari hakuweza kusema mengi. Baadaye ikaja faksi ya yule mzee, mistari michache ya Kiarabu kwa mkono. Nikitoka kazini nimepitia kwa Maalim. Ameisoma kimya kwanza, kisha kwa Kiswahili:

"Barua yenu nimeipata. Nimejua habari za mwana wenu na maradhi ya mama yake. Kurasa mbili. Jina la mwanangu halimo. Wala hamkunipa mkono wa taazia. Siwezi kusamehe."

Maalim amekunja karatasi. "Nami niliandika," amesema. "Nami sikuona."

Nilitaka kumchukia yule mzee. Njia nzima nimejaribu.

Jumanne, 19 Machi
Jana nilimwambia Mama hukumu tu, nikasema jibu la mzee halijafika. Leo nimeshindwa na uongo. Nimemsomea kama Maalim alivyonisomea.

Amesikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Aitwa nani huyo mtoto?"

"Sijui, Mama."

"Miezi minne, Saumu. Miezi minne, na hatujui."

Hapo ndipo alipolia.

Alhamisi, 21 Machi
Bakari ameuliza; jana asubuhi amenipa jibu. Mtoto aliitwa Yusuf. Miaka sita. Alikuwa ametumwa mkate.

Alfajiri ya leo Mama amemwita Maalim tena. Amesema maneno machache. Kwamba sisi wa nyumba ya Omari tunampa yule mzee mkono kwa msiba wa Yusuf. Kwamba tumechelewa, na kuchelewa kwetu ni aibu. Kwamba jana Yusuf alisomewa sura ya Yasini hapa Likoni, na majirani waliitikia. Maalim ameuliza kama tumtaje Omari mwishoni, kidogo tu. Mama amekataa.

Nimepiga taipu wakati wa chakula cha mchana. Mistari mitano. Nimeisoma mara tatu, nimetuma, nimerudi kwenye fomu.

Jioni Mama ameuliza kama imefika. Nimemwambia imefika. Akasogea mkekani, akanipa nafasi nikae.