Zawadi ya Kamba Hai

Makina, Kibera,
20 Aprili 2008.

Dada yangu Nekoye,

Kama umesikia redioni kwamba Nairobi imetulia, jua kwamba sehemu kubwa ya utulivu huo imepitia mikononi mwa kaka yako. Wakubwa walipeana mikono mbele ya kamera, sawa, lakini huku chini Makina hakuna mzee anayefungua kikao kabla hajauliza kama Wakoli amefika. Hata askari wa zamu pale mtaa wa Olympic hunipigia saluti, ila huipiga kwa siri ili mkubwa wake asione wivu.

Baada ya hayo nakusalimu wewe, shemeji Mukhwana, na Joan wangu anayeniita khocha, mjomba, kwenye simu mpaka sikio linawasha. Mguu wa shemeji umeacha kuvimba? Mahindi yameota, ama bado mnaangalia mawingu? Mimi nina afya ya fahali wa maonyesho, isipokuwa kile kidole cha mkono wa kulia. Everlyne, jirani yangu, alipokuja huko Pasaka aliwaambia, kama nilivyomtuma, kwamba nilikatwa nikizuia panga lisimfikie mama mwenye mtoto. Nasikia mchungaji anakiombea kila Jumapili na akina mama walifunga kula. Nitafika kwa hicho kidole. Kwanza nikutolee habari ya Benard, maana nikizidi kuikalia itanipasua kifua.

Unaijua kinyozi yangu, lile duka la kunyolea la Kawangware. Viti vyake vilikuwa vya mbao, lakini nani alijali? Pale kando ya mlango kulikuwa na tangi la kioo, na ndani yake Jenerali, samaki mweusi mwenye miali ya rangi ya chungwa, mkubwa kama paka aliyeshiba. Alikuwa akimjua mteja wa kipara na mteja wa kupunguza tu. Wanaume walikuwa wanakuja kunyolewa nywele ambazo hazijaota, mradi tu wamwone akila.

Na chakula chake, dada, kilikuwa kamba wa maji baridi, wale wekundu wa Naivasha wenye magando kama ya kaa. Sella, anayeuza samaki karibu na stendi, huletewa wakiwa wamechanganyika na samaki wake. Lakini sikuwahi kumpa Jenerali kamba aliye hai. Kabla yake nilikuwa na samaki mwingine, Koplo. Huyo nilimtupia kamba wazima kwa sababu watu walipenda vita. Kumbe kamba hubeba minyoo tumboni, na samaki akimla mzima anakaribisha wageni ambao hawaagi. Koplo alivimba, akakonda mgongo, nyuzi nyeupe zikamning'inia nyuma, akafa akinitazama. Tangu siku hiyo kamba wangu hulala kwanza kwenye friza ya muuza nyama, siku nyingi mpaka wawe jiwe, au nawachemsha na kuwamenya. Muuza nyama alidhani nafanya uchawi.

Sasa, Januari, fujo za uchaguzi zilipowaka. Vijana wenye rungu walikuwa wakiuliza watu majina mlangoni. Benard, mwenye hoteli ya chai na chapati mlango wa pili, akanijia akihema, akaniambia ndugu yangu kimbia, huyu samaki mwachie mimi, nitamtunza kama mtoto wangu. Nikamshika mkono kwa shukrani. Nikaja huku Makina kwa binamu yetu, na nguo nilizovaa.

Niliporudi Machi, mlango wangu ulikuwa na kufuli la mtu mwingine. Vioo hakuna, mashine hakuna. Nikaingia kwa Benard nimuulize. Nekoye, tangi langu lilikuwa limewekwa juu ya meza mbele ya wateja wake, na ukutani kumeandikwa kwa rangi nyekundu JENERALI HOTELI. Humo majini kulikuwa kunaelea vipande vya mandazi! Nikamwambia kwa upole kwamba nimekuja kumchukua samaki wangu. Akapandisha sauti, akauliza samaki wa nani. Akasema vita vikija, aliyebaki na kulisha ndiye mwenye mali. Halafu akawageukia waliokuwa wakinywa chai, akawaambia wanitazame vizuri, huyu ndiye yule bingwa aliyeruka ukuta bila viatu. Mmoja akaongeza kwamba hata mbwa wake alinikimbiza akachoka akaniacha. Wakacheka mpaka chai ikawatoka puani.

Si mambo ya kabila, Nekoye. Ni mambo ya Benard. Walionipora vioo sikuwajua, na mtu hawezi kumchukia asiyemjua kwa muda mrefu. Huyu nilimnyoa miaka na miaka. Kisogo chake nakijua kuliko mke wake anavyokijua. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi niliapa kumtafuna mwenye kunitafuna. Nilikuwa nikila ugali nauona uso wake. Nikiomba, namwomba Mungu aangalie kando kidogo nimalize kazi.

Ndipo nikamkumbuka Koplo. Nikaenda kwa Sella nikamwomba kamba hai, wale waliokaa zaidi kwenye maji machafu. Akaniuliza kama friza imeharibika. Nikamwambia hawa hawaendi kwa friza. Akaniangalia akasema Wakoli, nani amekukosea hivyo? Nikamnyooshea ndoo ajaze.

Nikavaa koti la Jumapili, nikabeba ndoo mpaka Kawangware. Siku hizo kila mtu alikuwa akikumbatiana, ikawa rahisi. Nikamwambia Benard mbele ya watu kwamba nimeleta zawadi ya amani, chakula halisi cha Jenerali, na wakiwa hai ndio watamu. Akafurahi kama bwana harusi! Akaiweka ndoo mezani kando ya chapati, akawaita wateja waje waone vita. Nilishahesabu yote: samaki atavimba, watu watamwona akioza kidogo kidogo chini ya jina lile la ukutani, na Benard asijue kamwe nani amempiga. Akamtumbukiza kamba wa kwanza.

Jenerali hakumtazama yule kamba. Alikuja kwenye kioo, pale niliposimama, akatikisa mkia vilevile alivyokuwa akifanya asubuhi nikifungua duka. Alikuwa amekonda. Mandazi, Nekoye. Kisha akageuka, akamwona kamba, akafungua mdomo.

Nikatumbukiza mkono mpaka begani, koti na yote. Nikapiga kelele asile, wana minyoo, hawa wote wana minyoo! Mzee mmoja aliyekuwa na chapati mdomoni akaitazama ndoo, akaitazama sahani. Mwingine akauliza kama jagi la kuchotea maji ya tangi ndilo lile la maji ya chai. Benard akaanza kueleza. Kosa lake lilikuwa kueleza. Kabla hajafika katikati, mabenchi yalikuwa matupu, na mama mmoja alikuwa akitapika mtaroni kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika. Siku ya pili Kawangware nzima ilikuwa ikiita mahali pale Hoteli ya Minyoo. Mtenda akitendewa huona ameonewa. Benard mwenyewe alinipakilia tangi kwenye mkokoteni, akaniambia niondoke na mkosi wangu.

Watu wa hapa nimewaambia hivyo ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo, nawe ukiulizwa sema hivyo. Jenerali yuko nyumbani kwa binamu, kwenye beseni la maji yenye chumvi kidogo. Alikuwa ameng'ata mguu mmoja wa yule kamba kabla sijamvuta, kwa hiyo kila asubuhi naangalia tumbo lake. Mpaka leo halijavimba, na jana alikula wa friza. Benard sijamsamehe. Kila Jumamosi napita mbele ya mlango wake nikipiga mluzi, na safari nyingine narudi nyuma nipite tena.

Sasa, kidole. Hakukuwa na panga, dada. Hakukuwa na mama wala mtoto. Yule kamba alinibana mle ndani ya tangi, na kelele za minyoo zilipoisha nilikuwa bado nina kelele nyingine, zile za kumwita mama yetu marehemu kwa jina lake la utotoni. Sikuweza kumbandua. Aliyembandua ni Benard, kwa mwiko wa kugeuzia chapati, huku akinishika bega na kuniambia pole, usiangalie, tazama huko. Nami nikatazama huko.

Mwambie mchungaji kidole kimepona na akina mama wale chakula. Sababu usimpe. Msalimie shemeji, umbusu Joan, na mvua iwafikie.

Ni mimi kaka yako,
Wakoli, mwenye Jenerali.