Bosi na Mbuzi wa Msamaha

Jumatatu, 3 Machi
Nimekama, nimejaza mitungi, nimemwita Bosi, punda wangu, nimpakie. Hakuja. Nimempata kwa shamba la shemeji, ndugu ya marehemu mume wangu, amelala katikati ya kabeji. Mguu wa nyuma umekatwa panga, mfupa nje. Shemeji hakuficha. "Punda wako amemaliza kabeji zangu." Basi. Maziwa nimebeba mgongoni mpaka kwa lori la kukusanya maziwa.

Jumanne, 4 Machi
Daktari wa mifugo ameshona. Bosi atapona, lakini mzigo hatabeba tena. Nimeenda kushtaki, polisi wamecheka. "Ni punda tu, mathe. Endeni mkasikizane nyumbani." Nimekataa kutoka. Mwishowe wakaandika kuharibu mali. Mali! Kama aliyevunja wilbaro. Nimesimama pale mpaka wakaandika kutesa mnyama. Nataka afungwe. Naandika bila aibu.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe amekuja kulia. Mtoto wake alale jela kwa sababu ya punda? Majirani wanasema nina roho ngumu. Shemeji ndiye aliyechimba kaburi la mume wangu, najua. Lakini kabeji hupandwa tena. Angemkata mtu vile, nani angeniambia nisikizane naye? Mgongo unaniuma.

Jumamosi, 8 Machi
Wazee wamemleta shemeji, na mbuzi wa msamaha. Tukichinja tukala pamoja, kesi imekwisha. Ndivyo tunavyofanya huku Dundori. Maji yalikuwa yameshachemka. Nilikaribia kukubali, nimechoka. Halafu shemeji akasalimia watu, salamu tu, na Bosi akarudi nyuma kwa miguu mitatu mpaka ukutani, anatetemeka. Nikamtazama mbuzi, amefungwa kwa mti, anatafuna nyasi zangu. Na huyu naye amekosa nini? Nikawaambia warudi na mbuzi wao.

Mama mkwe amesema mimi si mtu wa boma hili tena. Nimeumia sana.

Jumatano, 19 Machi
Korti. Shemeji amekubali kosa. Hakimu amemkaripia, akampa kazi ya kufagia kwa chifu mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kufagia! Amefika nyumbani kabla yangu. Nimekasirika hadi nimesahau mwavuli kule. Lakini kosa lilisomwa kwa jina lake, kutesa mnyama, na watu wote walisikia. Hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 27 Machi
Maziwa mgongoni. Bosi nyuma yangu anachechemea, hana mzigo. Nikimwacha nyumbani anapiga kelele mtaa mzima. Tulipokaribia ofisi ya chifu, shemeji alikohoa, na Bosi akasimama. Nimevuta kamba, nimembembeleza. Wapi! Macho yamemtoka.

Shemeji ameona. Ameweka ufagio chini, akaenda nyuma ya ofisi, akakaa huko mpaka tukapita.