Ua la Kitambaa Chini ya Glasi

Mama Chelangat,

Usicheke mwandiko. Ulisema mkono wangu ni wa jembe, haujui kalamu. Ona sasa, naandika bila kusaidiwa. Kapkatet yote hakuna mzee wa rika langu anaweza.

Chai imechipua vizuri. Ng'ombe wako bado anakataa kukamwa na mimi, lakini tutaona nani mkaidi.

Habari kubwa ni msichana wako. Baada ya kukuzika alisema anataka kurudi ng'ambo kwa kazi yake ya nyota. Nikamwambia, huendi mpaka unieleze hiyo kazi nielewe. Nilijua sitaelewa. Ndivyo nilivyopanga.

Akasema wanapima kitu kisichoonekana. Nikacheka mpaka nikakohoa. Utapimaje kitu hukioni? Akachukua ile glasi ya kitako kinene, akaishika juu ya kitambaa chako cha meza, kile ulichoshona maua. "Baba, angalia ua." Ua lako jekundu likapinda kama mundu! Nikasogeza glasi, likanyooka. Nikarudisha, likapinda. Chai yangu ikapoa. Vitambaa vya viti vyote nimevipitia na hiyo glasi.

Kumbe kitu kizito angani kinapinda mwanga unaopita karibu nacho, kama ile glasi. Siku hizi kuna darubini imerushwa juu angani, inawaletea picha za galaksi, yaani nyota nyingi zimekusanyika kama kijiji. Galaksi ya nyuma ikionekana imepinda, wanapima uzito wa ile ya mbele. Na wanakuta uzito unazidi nyota zote zinazoonekana pale. Kitu kingine kimezizunguka, giza tupu, na hakuna anayejua ni nini. Hata maprofesa! Hapo nikafurahi sana.

Lakini mimi si mtu wa kudanganywa. Nikamuuliza: maua mengine ya mama yako yamepinda tangu zamani, yale alishona akiwa amenikasirikia. Utajuaje ni uzito na si mkono? Akasema hilo ndilo swali lenyewe. Ati galaksi moja haisemi kitu, kila moja ina umbo lake. Wanaangalia nyingi sana. Zote zikiinama kidogo kuzunguka mahali pamoja, basi pana kitu. Nimewaambia wazee wa kanisa nimeuliza swali la maprofesa. Wamechoka kusikia.

Sasa sikia. Jana Chelangat alikuwa analeta chai kutoka motoni. Kigoda chako kilitolewa wakati wa mazishi, pale pako pamebaki wazi kabisa. Angeweza kupita moja kwa moja. Akazunguka, kama bado umeketi umenyoosha miguu ukisema, "Usiniruke, mimi si gogo!" Nikajichunguza: na mimi nazunguka. Jirani akija kuomba moto, anazunguka. Mmoja ningesema ni mazoea yake. Lakini sisi sote?

Sikumwambia. Hiyo nimegundua mwenyewe.

Nilimwambia tu, nimeelewa, nenda. Akalia. Nikasema jiko lina moshi, na mimi macho yakaniwasha.

Anaondoka Jumatatu. Dada yako anataka kuweka mtungi wa maji pale pako. Nimekataa, na unajua nikikataa. Pumzika, mama. Pale sitaweka kitu, na nikipita nitazunguka.

Mimi, mzee wako wa mkono wa jembe.